Alama Themanini na Nane za Veloria

Jumatatu, 20 Mei

Nimelivunja gitaa la dada. Jana, saa tisa mchana, sebuleni, nikiwa na akili zangu timamu.

Naandika ili kumbukumbu zikae sawa. Sikuliangusha. Sikulikalia. Nilikuwa nalipima. Daftari langu la alama lina chapa kumi na moja za magitaa ya umeme ambazo hakuna anayezijua, zote nimezikuta dukani kwa fundi, kazi ya miezi minane. Gitaa la dada pekee lilikuwa halijapata alama, kwa kuwa jina lake lilibanduka kabla hata hajalinunua. Niliona si haki. Kitabu cha maktaba kinaeleza kwamba ndani ya shingo ya gitaa mnapita chuma kirefu chenye skrubu mwishoni, na skrubu hiyo ikikazwa kidogo shingo hunyooka. Kidogo kiasi gani? Ukurasa unaofuata umechanwa. Kitabu kizima hakina jalada, na kurasa 41 hadi 60 zimekwenda na maji.

Nikakaza kwa makadirio.

Mlio kama wa kijiti kikavu. Ufa kutoka kichwani hadi katikati ya shingo.

Dada alirudi kutoka kazini, akalitazama, akakaa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza tu kama najua Jumamosi kuna nini. Najua. Jumamosi saa nne asubuhi bendi inayopiga ukumbini kila mwisho wa wiki inamjaribu mpiga gitaa mpya. Nafasi ni moja. Dada anapiga pasi mashuka ya hoteli kwenye duka la dobi tangu amalize shule, huu mwaka wa nne, na jioni viganja vyake vinakuwa vyekundu hadi kwenye mikunjo. Amesema akiipata hiyo nafasi, pasi ataiona kwenye picha tu.

Nimemwahidi gitaa bora zaidi kabla ya Ijumaa jioni. Nimemkumbusha kwamba hakuna mtu mtaani anayezijua chapa ndogo kunizidi. Amesema hilo halina ubishi. Sijaelewa kama ilikuwa sifa.

Mama amesema nisiguse tena kitu chochote chenye skrubu humu ndani. Nikauliza kama agizo hilo linahusu na jiko. Akasema linahusu hasa jiko.

Nimechoka. Nina miaka kumi na sita na mgongo wa mtu wa sabini.

Jumanne, 21 Mei

Baada ya masomo nilikwenda kwa fundi, mkabala na geti la shule. Fundi hutengeneza redio, spika, feni na kila kitu chenye waya, halafu huuza magitaa ukutani. Nilimpelekea maiti. Aliigeuza, akapuliza vumbi, akauliza nani kafanya haya. Nikasema ni ajali. Akasema ajali haiwi na alama za bisibisi.

Makubaliano: atalichukua hili lililovunjika kwa ajili ya sumaku zake zinazonasa sauti, kwani ni za zamani na nzuri, na sisi tutachagua gitaa moja ukutani bila kuongeza kitu. Moja tu. Likishavuka mlango, halirudi.

Ukutani yapo matatu. Yote yana kibao kidogo cha chuma kichwani, kimefungwa kwa skrubu mbili.

Veloria. La buluu. Jina lenye pumzi ndefu. Nadhani linatoka nchi ya milima, yenye upepo.

Nordina. Jeupe. Jina la baridi, na ukigonga mbao zake unasikia kweli baridi.

Gritzel. Jekundu. Jina kama mtu anayesaga meno.

Utaratibu wangu wa alama: mbao thelathini, shingo ishirini, vyuma kumi na tano, umeme ishirini na tano, jina kumi. Jina nalipatia alama kumi tu. Nataka haki.

Nilikuwa nimeweka sikio kwenye tumbo la Veloria nikigonga kwa kifundo cha kidole, ndipo akaingia Kasuku. Kasuku ni jirani yangu wa dawati. Anaitwa hivyo kwa sababu husoma kitu kwenye simu kisha akakirudia kama kimetoka kichwani mwake. Baba yake amemkubalia gitaa la siku ya kuzaliwa, kwa hiyo wiki hii naye amekuwa mtaalamu. Aliniambia, mbele ya fundi, "Profesa, unalisikiliza lina mimba?" Fundi alicheka. Sikupata jibu. Nimelipata sasa hivi, saa tatu baadaye, na ni zuri, lakini halina kazi tena.

Kasuku anasema Gritzel ndiyo chapa ya kweli. Ushahidi: ametafuta kwenye simu na hajaona hata neno moja juu yake, maana yake ni adimu mno. Hoja ya kijinga. Iliniudhi zaidi kwa kuwa dakika tano kabla nilikuwa nimeiandika mimi kuhusu Veloria.

Nilimwomba fundi maoni. Akasema, bila kuinua macho kwenye redio yake, kwamba yote matatu ni mazuri na yote matatu ni mabaya, inategemea yako mikononi mwa nani.

Nimeandika pembeni: fundi anaficha kitu.

Jumatano, 22 Mei

Uzito! Kitabu kinasema mbao nzuri hujulikana kwa uzito. Nyumbani hatuna mizani. Mama anayo kazini, ni muuguzi kwenye zahanati.

Fundi alikubali niyachukue magitaa kwa zamu, moja moja, mradi niache mkoba wangu wa shule kama dhamana. Niliuacha. Nilitembea na Veloria mgongoni hadi zahanati, nikakuta mizani ile ya kuning'inizia watoto wachanga iko wazi. Nikalivalisha Veloria ile nguo yenye matundu ya miguu. Shingo ilitokea tundu moja. Lilikaa vizuri kuliko watoto wengi.

Mama mmoja aliyekuwa na pacha kwenye foleni aliuliza, kwa upole kabisa, huyu wa kwangu ana miezi mingapi. Mwingine akasema amefanana na baba. Nilitamani sakafu ifunguke. Mama yangu alitoka chumba cha sindano, akanitazama, akalitazama gitaa, akasoma mizani kwa sauti ya kazi: kilo tatu na gramu mia sita, mtoto yuko vizuri, anayefuata.

Nilirudi, nikalileta Nordina. Kilo tatu na gramu mia sita.

Nilirudi tena, nikalileta Gritzel. Kilo tatu na gramu mia sita.

Magitaa matatu ya nchi tatu tofauti, na mizani inaonyesha namba ileile! Nimemweleza Mama kwamba mizani ya zahanati ni mbovu, na kwamba kuna watoto wanaandikiwa uzito wa uongo mjini humu. Amesema nikae kidogo, ninywe maji.

Nimejumlisha alama za mwisho bila uzito. Veloria 88. Nordina 74. Gritzel 69. Ni zilezile nilizoziandika jana; daftari lilikuwa ndani ya mkoba muda wote huo. Mkoba niliukuta mahali pengine, juu ya meza, na umefungwa vizuri kuliko nilivyouacha. Fundi ni mtu nadhifu.

Miguu inauma. Safari sita. Jua lote limeniishia kichwani.

Alhamisi, 23 Mei

Jaribio la kisayansi. Wazo langu mwenyewe.

Fundi alituruhusu tuyachukue magitaa yote matatu kwa saa moja, hadi darasani kwetu, pamoja na spika ndogo. Mwalimu wa zamu alitupa ufunguo akidhani ni kikundi cha hisabati. Sikumsahihisha. Dada alikuja moja kwa moja kutoka kwa dobi, ananuka mvuke na sabuni, nywele zimemlalia. Tukamweka nyuma ya ubao ule wa magurudumu. Angepiga wimbo mmoja mara tatu, kila mara kwa gitaa tofauti, bila kusema lipi. Mimi na Kasuku tungekaa dawati la mwisho tukiandika, kila mmoja amekinga karatasi kwa mkono kama kwenye mtihani.

Dada akapiga. Sijui niandike vipi. Huwa anapigia chumbani, bila spika, nyuzi zinatoa sauti kama mbu. Sijawahi kumsikia hivi. Kasuku aliacha kutafuna kalamu.

Nilijikaza, nikaandika. Sauti ya kwanza: kavu, baridi, bila shaka Nordina. Ya pili: pana, ina upepo wa mlimani, Veloria! Ya tatu: inasaga, Gritzel.

Kasuku aliandika kinyume. Ya pili kwake ilikuwa Gritzel, kwa sababu ina ngurumo. Tukabishana. Aliniambia masikio yangu yamejaa vumbi la maktaba. Nikamwambia yake yamejaa yeye. (Hili nililitoa papo hapo. Ni mara ya kwanza mwaka huu.)

Dada akatokea nyuma ya ubao akijipapasa kiganja. Akatuomba radhi. Alisema mikono ilikuwa inamuuma na kuchomoa waya na kuchomeka kila mara kulimshinda, kwa hiyo amepiga Nordina mara zote tatu.

Kasuku akasema, taratibu, kwamba basi Nordina ina uwezo mkubwa sana wa kubadilika. Nikasema hata mimi nimeliona hilo. Ndiyo mara ya kwanza tumekubaliana tangu kidato cha kwanza.

Tulipokuwa tunafunga darasa, dada alisema Nordina inamtosha. Shingo imemkaa kwenye kiganja, haimchoshi. Nikamweleza kwamba kukaa kwenye kiganja hakumo kwenye utaratibu wa alama. Veloria ina 88. Nordina ina 74. Tofauti ya alama kumi na nne si ya mchezo, na Jumamosi hairudi. Nilidhani atakataa. Akasema haya, wewe ndiye unayesoma.

Sasa kazi ni kumzuia Kasuku asiiguse Veloria. Mpango: nimeandika ukurasa wa bandia, Gritzel 95, Veloria 41, nikaacha daftari wazi juu ya dawati, nikaenda kunawa mikono. Niliporudi alikuwa anatazama dirishani na shingo yake imekuwa nyekundu. Amesoma. Kesho atakimbilia Gritzel.

Najisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa, 24 Mei

Siku mbaya kuliko zote, na nimewahi kuugua surua siku ya mtihani.

Kasuku amenunua Veloria! Wakati wa mapumziko ya saa nne, mbio, na baba yake akimsubiri nje. Alirudi darasani anang'aa kama sufuria mpya. Alinieleza mwenyewe, kwa huruma. Profesa hawezi kuacha daftari lake wazi hata jengo likiwaka moto. Kwa hiyo ukurasa ule ni wa uongo, na uongo huo ukigeuzwa juu chini unapata Veloria. Sikujua kwamba anafikiri. Ningejua, ningefanya tahadhari.

Kengele ya mwisho ilipolia nilikimbia. Nilifika kwa fundi sina pumzi. Ukutani Nordina, Gritzel, na msumari mtupu. Nikamweleza kila kitu, maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia mtu asiye wa nyumbani: usaili, dada, pasi, viganja, skrubu, ukurasa uliochanwa. Nikamuuliza kama kuna mahali popote duniani naweza kupata Veloria nyingine kabla ya giza.

Fundi aliweka bisibisi chini. Alishusha pumzi kama mtu anayeteremsha gunia. Akaniambia, "Ngoja hapo, binti."

Aliingia chumba cha nyuma. Akarudi na gitaa la buluu. Kichwa kitupu, hakina kibao. Akavuta mkebe wa biskuti chini ya meza, akaanza kuchakura ndani yake kwa kidole, na ulikuwa unalialia kama umejaa sarafu. Akatoa kibao. Akakipangusa kwenye shati. Akakifunga kichwani, skrubu mbili, mbele ya macho yangu.

Veloria.

Nilitazama mkebe. Vibao, vibao, vibao. Nilizikuta zote kumi na moja, chapa zangu zote za miezi minane, zimelaliana humo kama dagaa. Nikatazama juu. Feni ya fundi ilikuwa inazunguka polepole, na katikati yake palikuwa na matundu mawili ya skrubu, matupu.

Alinieleza akiwa ameshika paji la uso. Magitaa yote huja kwenye kreti moja, kutoka kiwanda kimoja, bila jina, yanatofautiana rangi tu. Mwanzo aliyatundika hivyohivyo. Watu walikuwa wakiyapiga, wanafurahi, wanauliza ni chapa gani, anawaambia haina jina, wanaondoka. Mwaka mzima. Siku moja akafunga kibao cha jokofu bovu kwa mzaha. Likanunuliwa kabla ya saa sita. Watu wakishapata jina, alisema, wanaanza kubishana, na mtu akishabishana hawezi tena kutoka mikono mitupu.

Nordina ni jokofu. Gritzel ni cherehani ya mama mkwe wake. Veloria ni feni.

Nilikaa kwenye kreti. Akaniletea maji. Akanifariji kwamba maandishi yangu ni mazuri, na kwamba Jumatano alipoona daftari kwenye mkoba alishindwa kuvumilia akalisoma lote, hadi akapandisha bei ya Veloria kwa ajili ya zile alama themanini na nane. Kasuku ameilipa bei hiyo bila kuomba apunguziwe.

Kwa sekunde moja hivi nilifurahi. Naandika ukweli.

Akaniambia nichukue lolote. Yote sawa. Nilisimama mbele ya ule ukuta hadi akaanza kufagia miguuni pangu. Nordina ilikuwa pale pale, ile iliyomkaa dada kwenye kiganja. Hakuna tofauti, najua hakuna tofauti, nimeambiwa na mwenye mkebe.

Nimechukua Veloria. Kwa tahadhari tu.

Nyumbani nilikusudia kumwambia dada taratibu, nikaanza na historia ya viwanda. Hakunisubiri. Alilipokea, akapitisha gumba juu ya kibao, akasema anakijua. Feni kama hiyo inazunguka juu ya meza yake ya pasi, saa nane kwa siku, mwaka wa nne sasa. Akitazama juu kupumzisha shingo, analisoma hilo jina.

Nikamuuliza tangu lini alijua. Akasema tangu Jumanne, nilipotaja hilo jina mezani na kueleza habari za milima. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema Jumapili usiku na Jumatatu usiku alinisikia nikilia chini ya shuka, na Jumanne sikulia. Akaona aache.

Kisha akachomeka waya na kuanza mazoezi. Nilienda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Jumamosi, 25 Mei

Nimekwenda na dada. Kazi yangu: kubeba waya. Nimeapa kutofungua mdomo.

Ukumbi mchana unasikitisha. Viti vya plastiki vimepandana, sakafu inanata, mapambo ya sherehe ya jana yananing'inia upande mmoja. Kiongozi wa bendi ni mtu mzima mwenye taulo shingoni. Mpiga ngoma alikuwa amelala na fimbo kifuani. Wapiga gitaa walikuwa wawili. Wa kwanza, kijana mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba, alikuja na gitaa la chapa kubwa ambayo hata Mama anaijua, kwenye sanduku gumu lenye manyoya ndani. Alilifungua kama anafungua duka la dhahabu. Akapiga haraka sana. Kiongozi akamshukuru, akampangusia kiti.

Dada akapanda na lake kwenye foronya. Foronya ya hoteli, imepigwa pasi.

Mwanzoni uzi wa chini ukateleza, sauti ikayumba, kijana wa miwani akatabasamu akitazama kiatu chake. Nilijua kosa ni langu. Gitaa lake la miaka saba, lile alilolijua kila kona, liko kwa fundi limefunguliwa tumbo kwa sababu ya robo mzunguko wa bisibisi. Akikosa, kila shuka atakalolinyoosha litakuwa na jina langu kwenye pindo. Nilifumba macho. Nikaanza kuhesabu vigae, lakini macho yamefumbwa, kwa hiyo nilihesabu tu.

Dada aliacha kupiga. Akaukaza upya ule uzi, hana haraka, kama mtu anayesubiri pasi ishike moto. Akaanza upya.

Mpiga ngoma akaamka. Ndivyo nitakavyolieleza siku zote: mpiga ngoma aliamka, akatafuta fimbo zake kifuani, akaingia bila kuombwa. Kiongozi akavua taulo.

Baadaye alimsogelea dada, akainama kutazama kichwa cha gitaa, akasema hajawahi kuiona hii Veloria, ni chapa ya wapi. Nilikuwa nayo hotuba nzima! Milima, upepo, mbao. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka. Dada akanitazama, kisha akamjibu kwa adabu, "Ni feni, mzee."

Mzee akatazama tena. Akaanza kucheka hadi akalihitaji taulo. Akasema aje mazoezini Jumanne saa kumi na moja, na asisahau feni yake.

Tulirudi kwa miguu. Kwenye kona ya dobi dada alisimama, akatazama ndani kupitia kioo, mahali meza yake ilipo, kisha akasema ana njaa. Nilibeba gitaa. Kilo tatu na gramu mia sita. Ile mizani ya zahanati ni nzima kabisa.

Jumapili, 26 Mei

Mapumziko. Nimesoma daftari langu lote kama mtu anayesoma barua za mpenzi aliyemdanganya. "Chapa ya Krumo: sauti ina mvuke, yafaa nyimbo za huzuni." Krumo ni pasi.

Mchana Kasuku alibisha hodi, na Veloria yake mgongoni. Habari za dada zimemfikia. Anasema Veloria yake haina sauti kama ile ya dada, lazima yake ni toleo la pili, na anaomba tubadilishane. Ataongeza mkanda wa ngozi.

Nilimwonea huruma kweli. Nikamwambia yote, pale pale mlangoni: kreti, mkebe, feni, jokofu, cherehani. Nilimwonyesha mpaka zile skrubu mbili kwenye kibao cha gitaa lake. Alisikiliza kwa makini, kisha akasema, "Profesa, safari hii umetunga hadithi ndefu. Hutaki tu kubadilishana." Akaondoka.

Mama amesema ndiyo faida ya kuacha kurasa za uongo juu ya dawati. Nimeamua. Mwisho wa alama. Daftari nimelitia kabatini chini ya mashuka. Kuanzia leo gitaa ni gitaa, na anayepiga ndiye anayepiga.

Nimelala mchana. Sijalala mchana tangu darasa la tano.

Jumatatu, 27 Mei

Nilipita kwa fundi kumshukuru tu. Kreti jipya limefika. Magitaa sita, mapya, vichwa vitupu. Fundi alikuwa na feni mbili za wateja mezani, akaniomba nimsaidie kufunga vibao, kwa kuwa nina jicho. Mama hakuwepo, na agizo lake la skrubu ni la ndani ya nyumba.

Ili kuondoa upendeleo nilifumba macho nikachota vibao sita kwenye mkebe bila kutazama. Nikafunga kwa mpangilio vilivyotoka. Mimi mwenyewe. Kwa mikono yangu. Kibao cha Veloria kiliangukia gitaa la tatu, la kijani. Najua kabisa kwamba ni sawa na mengine matano. Naliandika hili kwanza, liwe juu.

Kisha nikayatundika na kugonga kila moja, nyuzi zote, ili tu kuhakikisha hayajaumia safarini.

Nimerudia mara tatu. Nisingependa kuandika haya, lakini haki ni haki: la tatu lina upepo.

Daftari nimelitoa kabatini. Utaratibu wa zamani ulikuwa na kasoro, sasa nimeiona. Mbao ishirini na tano, shingo ishirini, vyuma kumi, umeme ishirini. Jina nililionea. Jina ishirini na tano.

Jioni dada alinikuta nikichora mistari, akauliza kama safari hii mpigaji amepata alama. Nikamweleza kwa upole kwamba mpigaji si sehemu ya gitaa. Akasema haya, akaenda kujipaka mafuta viganjani.

Veloria, la kijani: 92.

Kasuku kapita dukani baada yangu, kalipatia alama 90. Hajui kitu yule.